Usimpumzishe Mzee Mpaka Aishiwe Nguvu: Namna ya Kulinda Misuli Uzeeni

Choo chetu cha nje kina mlango wa bati na fremu ya mbao. Siku moja niliona upande wa kulia wa ile fremu umeng'aa kama mpini wa jembe la zamani, na msumari mmoja umeanza kuchomoka. Ulikuwa mkono wa baba. Kila akimaliza haja alikuwa anaishika fremu na kujivuta nayo, kwa sababu miguu peke yake haikumwinua tena. Hakusema. Mtu aliyevaa sare ya polisi zaidi ya miaka 30, akatulea kambini kwa Kiswahili na filimbi, hawezi kumwambia binti yake kwamba kuchuchumaa kumemshinda.

Alikuja kwangu Jinja, hapa Uganda, mtaa wa Walukuba, baada ya mama kufariki. Kule kijijini Tororo alikuwa anaamka na kuku, analima mihogo na ulezi wake, anaendesha baiskeli mpaka sokoni, na usiku analala fofofo. Kwangu nikamfanyia wema. Nikamnunulia kochi. Maji akawa anateka dada wa kazi, viatu vinang'arishwa na wajukuu, hata kikombe cha chai analetewa mkononi. "Pumzika sasa Mzee, umehangaika vya kutosha." Haikupita hata miezi minane, mashati yakaanza kumning'inia mabegani, mkanda ukatobolewa tundu jipya, na usiku wa manane tunamsikia anazunguka sebuleni na redio yake. Hospitali haikukuta ugonjwa wa kumkondesha. Nilikuwa nimemkalisha.

Nawaandikia wenzangu mlio na mzazi nyumbani, na pia wewe uliye na miaka 60 na kitu unayejisomea mwenyewe. Mimi si daktari. Haya nilifundishwa na mtaalamu wa fiziotherapi (tiba ya viungo kwa mazoezi), mengine nimesoma, na yote nimeyajaribu kwa mtu mmoja mkaidi sana.

Kwanza uelewe kinachopotea

Misuli huanza kupungua mtu akishapita miaka 30, taratibu, asilimia 3 hadi 8 kwa kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huongezeka. Nguvu hupotea haraka kuliko nyama yenyewe, ndiyo maana mzee anaweza kuonekana bado ana mwili lakini hawezi kuinuka kwenye mkeka. Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani, Irwin Rosenberg, aliipa hali hii jina la sarkopenia, kutoka maneno mawili ya Kigiriki: nyama, na umaskini. Umaskini wa nyama. Sijaona jina la ugonjwa linaloeleweka haraka namna hiyo.

Fikiria nyumba ya udongo. Kila siku ukuta unamomonyoka kidogo, na kila siku fundi anakandika pale palipobomoka. Kwa kijana fundi anawahi. Kwa mzee fundi yupo bado, ila masikio yamekuwa mazito: ukimwita kwa sauti ndogo, yaani kwa kipande kidogo cha samaki na matembezi ya kutoka kochini hadi mezani, hasikii. Anataka udongo mwingi zaidi (protini), kelele kubwa zaidi (kazi ya misuli), na muda mtulivu wa kukandika (usingizi). Ukimpa kimoja ukamnyima viwili, ukuta unaendelea kubomoka. Mimi nilianza na chakula peke yake. Mzee alipata kitambi, miguu ikabaki ileile.

Hatua ya 1: Pima, upate namba

Usianze kwa kukisia. Tafuta kiti imara kisicho na mikono, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na kalenda ya ukutani ya kuandikia.

Anza na vidole. Njia hii imetoka Japani na haina gharama. Mzee akae, nyayo zikanyage chini. Aunganishe vidole gumba vya mikono miwili, kisha vidole vya shahada, apate duara, azungushe kwenye shavu la mguu mahali lilipo nene zaidi. Vidole visipokutana, vizuri. Vikikutana na bado ukaona mwanya kati ya ngozi na vidole, misuli imepungua. Angalizo moja: mguu uliovimba maji unadanganya.

Halafu kiti. Mikono ikunjwe kifuani, ainuke wima kabisa na kukaa tena, mara tano, kwa haraka anayoweza. Wataalamu wa Ulaya, katika mwongozo wao uliotoka 2019, wanasema ikizidi sekunde 15 nguvu ya miguu imeshuka. Wenzao wa Asia ni wakali zaidi, wanahesabu kuanzia 12. Baba alitumia 23, na mara mbili alijisukuma kwa mikono magotini akidhani sijaona.

Pima pia mwendo. Weka alama mbili chini zenye umbali wa mita 4, atembee kama anavyotembea siku zote, si kama anamkimbilia boda boda. Akitumia sekunde 5 au zaidi, hiyo ni dalili.

Mwisho, maswali matano. Kubeba jerikani ya lita tano iliyojaa kunamsumbua? Kuvuka chumba? Kuinuka kitini au kitandani? Kupanda ngazi kumi? Na mwaka huu ameanguka mara ngapi? Katika yale manne ya kwanza, mpe 0 kama hakuna shida, 1 kama ipo kidogo, 2 kama ni kubwa au hawezi kabisa. Kuanguka: hajaanguka 0, mara moja hadi tatu 1, mara nne na zaidi 2. Jumla ikifika 4, mpeleke akaonwe.

Na hapa simama kidogo. Kama amekonda ghafla, ndani ya wiki au miezi michache, na hasa kama anakohoa, anatoka jasho usiku, ana kiu isiyokwisha au chakula hakimpiti, usianze mazoezi yoyote. Nenda kituo cha afya. Kifua kikuu, kisukari, Virusi vya Ukimwi na saratani vyote hula misuli, na sisi tuna tabia mbaya ya kusema "ni uzee tu". Wazee ndio wanaosahauliwa zaidi kupimwa Ukimwi, eti tunaona aibu kuwauliza. Muulize mhudumu wa afya wa kijiji, VHT, akuelekeze pa kuanzia.

Hatua ya 2: Tengeneza usiku

Watu wengi wangeanza na mazoezi. Mimi nasema anza na usingizi, kwa sababu mzee asiyelala hatakubali mazoezi, na hata akikubali, fundi wake hapati muda wa kukandika.

Katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku ndipo mwili unapotoa kwa wingi homoni ya ukuaji, ambayo kwa mtu mzima kazi yake ni kukarabati. Umri ukienda, usingizi huo mzito unapungua wenyewe, kwa hiyo kidogo kilichobaki ni cha kulindwa. Mwaka 2021 watafiti wa Australia waliwakesha vijana 13 usiku mmoja tu. Kesho yake kazi ya misuli yao ya kujijenga ilikuwa imeshuka kwa asilimia 18, kotisoli, ile homoni ya msukosuko inayobomoa, imepanda asilimia 21, na testosteroni, homoni inayojenga misuli, imeshuka asilimia 24. Usiku mmoja, na walikuwa vijana. Kabla ya hapo, mwaka 2010, watafiti wa Chicago waliwapunguzia chakula watu wanene kumi: kwa wiki mbili walipewa masaa 8 na nusu ya kulala, kwa wiki mbili nyingine masaa 5 na nusu. Uzito ulipungua karibu sawa, lakini walipolala kidogo walipoteza nyama zaidi na mafuta kidogo. Yaani asiyelala hukonda pale pasipotakiwa.

Mwenye miaka 65 na zaidi anahitaji masaa 7 hadi 8. Ila usifikiri kwamba ukimlaza masaa kumi utamjaza misuli. Anayelala zaidi ya masaa 9 kila siku mara nyingi ndiye huyohuyo mwenye misuli dhaifu: ama ana ugonjwa, ama ana huzuni, ama yuko tu kitandani kwa sababu hana pa kwenda.

Wiki ya kwanza usibadilishe kitu. Andika tu: amepanda kitandani saa ngapi, ameamka mara ngapi na kwa nini, amesinzia mchana muda gani. Daftari letu lilinifumbua macho. Baba alikuwa analala saa mbili usiku baada ya taarifa ya habari, anaamka saa tisa na kulalamika kwamba hana usingizi. Hesabu vidole vyako: ni masaa saba. Alikuwa ameshamaliza! Halafu mchana, mbele ya televisheni, anasinzia masaa mawili, mdomo wazi. Huyo mtu hakuwa na ugonjwa wa usingizi, alikuwa na ugonjwa wa kochi.

Tulibadilisha hivi. Saa ya kuamka ikawa moja, kumi na mbili na nusu asubuhi, hata Jumapili. Akishaamka anatoka nje. Sisi tuko kwenye ikweta, jua letu halibadilishi ratiba mwaka mzima, linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na mwanga ule wa asubuhi ndio unaoipanga saa ya mwilini. Nusu saa inatosha. Anafagia uwanja au anawatazama kuku wa jirani akiwasema. Usingizi wa mchana haukukatazwa, ulipunguzwa: dakika 30, kabla ya saa tisa alasiri, na si kwenye kochi. Kitandani usiku anapanda saa nne.

Mkojo ndio uliotusumbua zaidi. Aliamka mara nne. Kumbe dawa yake ya presha ni ile inayokojoza, na alikuwa anaimeza usiku kwa sababu ndipo anapoikumbuka. Tulimuuliza mganga wa kliniki, akaihamishia asubuhi. Usiihamishe mwenyewe, uliza. Maji anywe kwa wingi mchana, kisha apunguze kuanzia saa kumi na mbili jioni. Kama miguu huvimba, alale na kuiinua juu ya mto kwa saa moja jioni, ili yale maji yatoke kabla ya usiku. Mwanaume anayeamka mara nyingi huku mkojo unatoka kwa kukatika apimwe tezi dume, na yeyote mwenye kiu na mkojo mwingi apimwe sukari. Weka ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda na tochi chini ya mto. Kwenda choo cha nje saa nane usiku, mvua imenyesha, ni njia fupi ya kuvunja nyonga.

Chai ya majani na kahawa mwisho saa nane mchana. Kafeini iliyomo ndani yake huchukua karibu masaa matano kupungua nusu tu, na kwa wengine zaidi. Baba aligoma hapa wiki nzima, tukapatana kwa chai ya tangawizi na mchaichai isiyo na majani.

Halafu kuna waragi, ile pombe kali. Wazee wengi wanaamini kwamba glasi moja inaleta usingizi, na kweli inauleta, ila haukai. Pombe inamlaza mtu haraka, kisha inamkatakata usingizi nusu ya pili ya usiku, inamwamsha kukojoa, na inamzuia fundi wetu kufanya kazi. Malwa, pombe ya ulezi ya kunywa kwa mrija, na wenzake Jumamosi mchana sikumkataza, kwa sababu pale anapata watu wa kuzungumza nao, na upweke nao unaua. Ya kila usiku peke yake chumbani, hiyo ndiyo ya kuiondoa. Aliyezoea kunywa sana kila siku asiache kwa ghafla bila kumwona daktari.

Vidonge vya usingizi, na vile vya mafua vinavyolewesha ambavyo duka la dawa litakuuzia bila swali, usimpe. Mzee akivimeza anaamka amechanganyikiwa, anaanguka, na wengine mkojo unaziba.

Anayekoroma kwa nguvu halafu akakata pumzi kidogo na kushtuka, mpeleke hospitali. Huyo hata akilala masaa tisa hajalala. Chandarua kikague kama kina matundu. Mbu mmoja sikioni anatosha kuharibu usiku, achilia mbali malaria. Kelele za baa ya jirani sina dawa yake. Nilimhamishia chumba cha nyuma.

Hatua ya 3: Mrudishie kazi

Sikusema mazoezi, nimesema kazi. Neno mazoezi baba alilipokea kama tusi. "Mama, mimi nimecheza paredi kabla hujazaliwa." Nikamwambia sawa Afande, basi tucheze paredi. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayehesabu, kwa sauti, na wajukuu wanapanga mstari nyuma yake.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki na ya kusimama bila kuyumba siku 3 au zaidi, pamoja na dakika 150 hadi 300 za kutembea kwa mwendo wa kuchangamka. Kutembea peke yake hakujengi mapaja. Hili nalirudia kwa kila anayeniambia "mzee wangu anatembea sana".

Sisi tunafanya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, asubuhi, akishakunywa chai.

Kazi ya kwanza ni kiti, na kama una nafasi ya kitu kimoja tu, fanya hiki. Kiti kiegemee ukuta. Akae mbele ya kiti, visigino vivutwe nyuma kidogo ya magoti, ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ainuke. Kisha ashuke taratibu, ahesabu moja, mbili, tatu kabla makalio hayajagusa. Kule kushuka taratibu ndiko kunakojenga, wengi hujitupa. Hawezi? Ongeza mto juu ya kiti kiwe kirefu, au ashike meza. Mara nane, apumzike dakika mbili, mara nane tena. Ikishakuwa rahisi, toa mto. Ikiwa rahisi tena, akumbatie chupa ya maji ya lita mbili, baadaye jerikani ya lita tano. Namna ya kujua uzito unafaa: mara mbili za mwisho ziwe ngumu kweli, lakini bado anaweza kujibu ukimsalimia. Asibane pumzi, hasa mwenye presha. Atoe pumzi anapoinuka. Kuhesabu kwa sauti kunafanya kazi hiyo yenyewe.

Ukuta unafuata: asimame hatua moja kutoka ukutani, viganja ukutani usawa wa mabega, ajisukume mara kumi. Kisha ashike mgongo wa kiti na kuinua visigino mara kumi na tano, na baada ya hapo asimame kwa mguu mmoja sekunde kumi kila upande, nawe ukiwa karibu. Kwa mikono kuna kukamua nguo. Mwachie afue na kukamua fulana zake. Hakuna mashine ya kushinda hiyo.

Na siku nyingine zote, arudishiwe majukumu. Achote maji nusu jerikani, moja kila mkono. Apalilie mboga kwenye viroba nyuma ya nyumba. Aende mwenyewe kununua gazeti au sukari. Kiti chake cha kochi nilikiondoa sebuleni, nikaleta kile kigumu cha mbao. Alinuna siku mbili. Asikae zaidi ya saa moja bila kuinuka.

Ukiwa na shaka kama umri umekwisha pita, kumbuka kwamba mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake kule Boston waliwapa wazee wa miaka 86 hadi 96, wakaazi wa nyumba ya wazee, mazoezi mazito ya miguu kwa wiki 8. Nguvu ya miguu yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Baba nilipomsomea hilo aliuliza kama hao wazungu walikuwa polisi.

Maumivu ya misuli siku moja au mbili ni kawaida. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au goti linalovimba, acha uende hospitali. Hospitali za rufaa za mikoa zina watu wa fiziotherapi. Ziara moja tu ya kuonyeshwa namna sahihi inafaa nauli.

Hatua ya 4: Angalia sahani, si kiasi cha posho (ugali)

Mzee mwenye afya anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. Akiwa mgonjwa au anatoka kuugua, hufika 1.5. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate namba hizi bila daktari.

Sasa angalia kinacholiwa. Asubuhi chai na mkate, mchana matoke au posho ya kutosha na mchuzi, usiku chai tena na kiazi, "mzee hali sana usiku". Matoke ni chakula chetu na sitakisema vibaya, lakini gramu 100 zake zina protini gramu 1 hivi. Tumbo linajaa, fundi hana udongo. Tena udongo huo uje mara tatu kwa siku, gramu 20 hadi 30 kila mlo, si nyama kilo nzima Jumapili.

Kwetu inakwenda hivi. Asubuhi mayai mawili (gramu 12) na kikombe kikubwa cha maziwa au chai iliyopikwa kwa maziwa matupu (8), na uji wa ulezi uliotiwa kijiko cha karanga za kusaga. Mchana posho au kalo (ugali wa ulezi) kidogo, kikombe cha maharage yaliyoiva (15), na konzi ya mukene, yaani dagaa. Mukene ndio siri ya nchi hii. Ukiwa mkavu, nusu ya uzito wake au zaidi ni protini, unaliwa na mifupa yake kwa hiyo kuna kalsiamu, na ni rahisi kuliko nyama. Lakini kuna ule uliokaushwa mchangani, unaolia kwenye meno. Nunua uliokaushwa juu ya nyavu, ondoa vichwa, osha kwa maji ya moto, kaanga kidogo kabla ya kuunga kwa karanga. Usiku mchuzi mzito wa karanga na kipande cha samaki, au maziwa ya bongo (yaliyoganda) kama hana hamu.

Meno yakiwa mabovu, usimpe nyama ya kutafuna nusu saa mpaka akate tamaa. Saga mukene uwe unga, utie kwenye uji au mchuzi. Maharage yaponde. Mayai yapikwe laini.

Na usiku asilale na njaa kwa kuogopa kukojoa. Aliyetimiza miaka 80 na kuandikishwa kwenye ruzuku ya wazee ya serikali, zile shilingi 25,000 za mwezi, ningependa zianzie kwenye mayai na mukene kabla hazijafika kwenye ada za wajukuu. Najua haziendi hivyo.

Hatua ya 5: Siku akiugua

Misuli huporomoka zaidi wakati wa kuugua. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani wazee wenye afya kwa siku kumi. Miguu peke yake ilipoteza karibu kilo nzima ya nyama. Siku kumi! Na sisi mzee akipata malaria tunamfunika blanketi wiki mbili, wageni wanakuja kumwona hapohapo kitandani.

Homa ikiwa kali alale. Ikishuka tu, akae kwenye kiti kula, aende mwenyewe bafuni akishikwa mkono, na akiwa kitandani akunje na kunyoosha miguu, abonyeze visigino kwenye godoro. Chakula kidogo kidogo mara nyingi, yai na maziwa kwanza. Akilazwa hospitali, mwulize muuguzi kila asubuhi kama anaruhusiwa kuinuka. Mara nyingi anaruhusiwa, ila hakuna aliyeuliza.

Pima tena

Rudia vipimo vya hatua ya kwanza kila wiki sita, siku hiyohiyo, kiti kilekile. Wiki za kwanza nguvu hupanda kabla mguu haujanenepa, kwa hiyo usikate tamaa vidole vikiendelea kukutana. Kalenda yetu inasema 23, kisha 19, kisha 20 (alikuwa ametoka kuugua), kisha 14. Anadai ile 14 ni 13, kwamba nilichelewa kubonyeza simu.

Fremu ya choo nimeipigilia misumari mipya, na ukutani nimeweka bomba la chuma la kushikia, la sivyo ningekosa usingizi mimi. Hajalishika. Analitumia kuanikia taulo.